Mkopo Usiolipwa: Bei ya Kaboni na Mikoko ya Lamu

"Na huo mkopo, mwanangu, tukishindwa kuulipa watachukua mikoko au watachukua nyumba?"

Aliyeniuliza ni bibi mmoja wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, tumeketi barazani kwake baada ya Alasiri, redio ndogo iko pembeni. Alikuwa amesikia kwenye taarifa ya habari kwamba watu wa pwani wanaweza kunufaika na "mikopo ya kaboni". Mkopo anaujua. Yeye ni mtu wa chama cha akina mama, na ameshaona mwenzake akichukuliwa cherehani kwa deni. Mwanawe, anayeendesha boti ya abiria kati ya Amu na Mokowe, akasema yeye amesikia ni kodi, na kwamba petroli itapanda. Jirani akadakia: hapana, ni Wazungu wananunua hewa, na tani moja kule Ulaya ni yuro themanini, basi Lamu yenye mikoko yote hii itatajirika.

Baraza moja, majibu matatu, na kila jibu lina chembe ya ukweli iliyokaa mahali si pake. Sikuweza kuwalaumu. Maneno tuliyopewa kuzungumzia jambo hili ni mabovu, na neno baya kuliko yote ni hilo la "mkopo". Neno la Kiingereza lililofasiriwa hivyo, "credit", lina maana mbili: fedha unazokopeshwa, na kiasi kinachoandikwa upande wako daftarini unapoweka kitu. Mfasiri alichukua maana ya kwanza, ilhali iliyokusudiwa ni ya pili. Hakuna anayekopeshwa, kwa hiyo hakuna wa kulipa. Hapa nitaliita jambo hilo stakabadhi ya kaboni, kwa sababu ndivyo lilivyo: karatasi inayothibitisha kwamba tani moja ya hewa ukaa imezuiwa isiende angani, au imeondolewa huko.

Lakini stakabadhi ni mkia wa habari. Ukianza na mkia utapotea, kwa hiyo tuanze na tani yenyewe.

Petroli, dizeli, makaa na kuni vyote vina kaboni ndani yake. Ukivichoma, kaboni hiyo inaungana na oksijeni ya hewani, ikawa hewa ukaa. Haionekani na haina harufu, lakini ina uzito. Lita moja ya petroli hutoa takribani kilo 2.3 za hewa ukaa. Inashangaza, kwa kuwa lita yenyewe haifiki kilo moja, lakini uzito wa ziada umetoka kwenye oksijeni iliyojiunga nayo. Mapipa mawili ya lita 200 na madumu mawili ya lita 20 yakichomwa, umefikia tani moja. Mwana wa bibi akichoma dumu la lita 20 kila siku, ataifikisha tani kwa siku 22.

Hewa hiyo haiondoki kesho. Sehemu yake hukaa angani mamia ya miaka, ikizuia joto la dunia lisitoke. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa, na samaki wanaoishi humo wakakosa makao. Mvuvi wa Kiunga aliyepoteza riziki yake hakuwa amechoma kitu cha kuhesabika. Waliochoma walikuwa mbali, na hawakulipa senti kwa hasara ile. Dhuluma za namna hiyo ndizo zilizozaa wazo la bei ya kaboni: anayechoma alipe sehemu ya hasara anayowatwisha wengine. Wazo lenyewe ni la zamani. Mchumi Mwingereza Arthur Pigou alilieleza mwaka 1920, kabla dunia haijaanza kuhangaika na hali ya hewa, akizungumzia moshi na madhara mengine yanayomwangukia asiyehusika.

Nipe nafasi nilieleze kwa mtaro, maana mtaro sote tunaujua.

Mtaro unapita mtaani, na kila nyumba inamwaga humo maji machafu. Yakizidi, yanafurika mlangoni kwa aliye chini ya mteremko. Nyumba ya juu inamwaga ndoo ishirini kwa siku bila gharama yoyote, na harufu haiwafikii. Kuwasihi kumeshindikana. Wazee wa mtaa wafanye nini?

Wanaweza kutoza shilingi kumi kwa kila ndoo. Hawamkatazi mtu kumwaga. Wanampa sababu ya kufikiri kabla hajamwaga, na atakayeweza kupunguza kwa chini ya shilingi kumi atapunguza mwenyewe bila kusukumwa. Hiyo ni kodi ya kaboni. Uzuri wake ni kwamba bei inajulikana tangu mwanzo. Udhaifu wake ni kwamba hakuna ajuaye ndoo zitapungua kiasi gani. Tajiri wa mtaa anaweza kulipa na kuendelea kumwaga.

Au wanaweza kuupima mtaro wenyewe. Wakiona unabeba ndoo mia moja kwa siku bila kufurika, wanachapisha vikaratasi mia moja, na hakuna ndoo inayomwagwa bila kikaratasi. Aliyejichimbia shimo la maji machafu uani atabakiwa na vikaratasi, na atamuuzia jirani aliyepungukiwa. Bei wataipanga wao wenyewe. Mwaka ujao vinachapishwa tisini na tano. Hiyo ndiyo biashara ya vibali vya hewa ukaa: bei haijulikani, inapanda na kushuka kama ya nguru sokoni, lakini jumla ya uchafu ina kikomo.

Na kuna njia ya tatu. Anakuja mtu wa shambani ambaye hayumo kabisa kwenye mpango wa mtaa. Anasema: mimi nitapanda migomba kwenye mkondo wa maji, itafyonza ndoo kumi kwa siku, nipeni stakabadhi za ndoo kumi niziuze kwa anayezihitaji. Stakabadhi za kaboni ni hivyo hivyo, na mikoko ndiyo migomba yenyewe.

Kodi, kibali, stakabadhi. Mambo matatu tofauti, yenye masoko tofauti na bei tofauti. Karibu kila mkanganyiko niliousikia barazani umetokana na kuyatia katika kapu moja.

Hofu ya mwana wa bibi ilihusu la kwanza. Finland ilianza kutoza kodi ya kaboni mwaka 1990, Sweden ikafuata mwaka uliofuata na kuipandisha hadi ikawa miongoni mwa zilizo ghali zaidi duniani. Barani Afrika, Afrika Kusini ilitangulia Juni 2019, kwa randi 120 kwa tani, huku sehemu kubwa ya moshi wa viwanda ikisamehewa mwanzoni. Kenya haina kodi yenye jina hilo. Kilichomuumiza kijana kwenye kituo cha mafuta ni kodi na tozo nyinginezo, ikiwemo kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta iliyopanda kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023. Nadhani mkanganyiko uliingia miezi miwili baadaye. Septemba mwaka huohuo, viongozi wa Afrika walipokutana Nairobi walitoa azimio lililotaka kuwe na kodi ya kaboni ya dunia nzima kwenye biashara ya mafuta ya visukuku (kama petroli na makaa ya mawe), usafiri wa meli na wa ndege. Wito huo uliwalenga wachomaji wakubwa wa dunia. Redioni ukafika umefupishwa: "kodi ya kaboni yaja".

Sina budi kusema pia kwamba hofu ya kijana ina msingi. Kodi ya namna hii isipopangwa kwa uangalifu humwangukia anayetumia mafuta kwa kukosa njia nyingine, na kisiwani boti ndiyo njia. Nchi zilizofanya vizuri zimerudisha sehemu ya fedha kwa wananchi, au zimepunguza kodi nyingine.

Njia ya pili, ya vibali, ilijaribiwa kwa mafanikio Marekani dhidi ya salfa inayosababisha mvua ya tindikali. Sheria ilibadilishwa mwaka 1990, na mitambo ya umeme ikaanza kununua na kuuza vibali mwaka 1995. Umoja wa Ulaya ukaichukua njia hiyo kwa hewa ukaa mwaka 2005. Mwanzo wake ulikuwa mbaya, na ni vyema tuujue. Serikali ziligawa vibali bure na kwa wingi mno, vikaratasi vikawa vingi kuliko ndoo, na kufikia 2007 bei ilikuwa imeporomoka karibu na sifuri. Walipokaza kikomo ndipo bei ikaamka. Februari 2023 kibali cha tani moja kilivuka yuro 100 kwa mara ya kwanza. Moshi wa mitambo ya umeme na viwanda vilivyomo kwenye mpango huo umepungua kwa karibu nusu ukilinganisha na 2005, ingawa bei haikufanya kazi hiyo peke yake: umeme wa jua na upepo nao umekuwa rahisi. China ilianzisha soko lake la taifa mwaka 2021, na kwa wingi wa tani linalosimamia ndilo kubwa kuliko yote.

Hata meli zimeingia. Tangu 2024, meli kubwa inayotoka bandari ya nje kwenda Ulaya inahesabiwa nusu ya hewa ukaa ya safari hiyo. Kwa hiyo meli itakayong'oa nanga hapa kwetu Lamu kwenda Rotterdam imo kwenye daftari lao tayari.

Kuna watu wema wanaoniambia kwamba mpango huu wote ni kuuza ruhusa ya kuchafua. Kwa njia ya pili, siwaungi mkono. Ruhusa ya kuchafua ilikuwepo tangu zamani, tena bure na bila kipimo. Kikomo kimeipunguza na kuitia bei, na kikomo cha Ulaya sasa kinashuka kwa zaidi ya asilimia 4 kila mwaka. Kwa njia ya tatu, lawama yao ina uzito zaidi, na nitaifikia.

Kabla ya hapo, hebu tupime ukubwa wa vitu. Watu wa Lamu hawahitaji kufundishwa maana ya dohani, lile bomba refu la moshi. Kwa miaka kadhaa tulipigania isijengwe Kwasasi, ambako ulipangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliufutia leseni, kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Sasa fanya hesabu pamoja nami. Mtambo wa makaa hutoa kwa makadirio ya kawaida takribani tani 0.9 za hewa ukaa kwa kila megawati inayozalishwa kwa saa moja. Mtambo kama ule ukifanya kazi kwa nguvu zote ungetoa zaidi ya tani 900 kwa saa.

Linganisha na Gazi, kaunti ya Kwale. Huko ndiko ulikoanzia mradi wa Mikoko Pamoja mwaka 2013, unaotajwa duniani kote kama wa kwanza wa jamii kuuza stakabadhi za kaboni kutokana na mikoko, na uliotunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Wanalinda hekta 117, na stakabadhi wanazouza ni za takribani tani 3,000 kwa mwaka. Mwaka mzima wa jasho la watu wa Gazi na Makongeni, wa doria, wa kupanda miche, wa kupima vigogo kwenye tope. Dohani ya Kwasasi ingeumeza mwaka huo kati ya adhana ya Adhuhuri na adhana ya Alasiri.

Silisemi hili kuwavunja moyo watu wa Gazi, ambao kazi yao naiheshimu sana. Nalisema kwa sababu mazungumzo ya kaboni yanayofika kwetu huanzia kwenye mikoko na kuishia hapohapo, kana kwamba kazi ya kuipoza dunia ni ya mkata boriti. Kazi kubwa ya bei ya kaboni iko kwenye dohani. Kazi ya mikoko ni kusaidia.

Na inasaidia kweli. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti ya Lamu, kuanzia Mkunumbi hadi visiwa vya kaskazini. Aliyewahi kuzama miguu katika tope la mikoko analijua: jeusi, zito, lina harufu ya yai viza. Harufu hiyo ndiyo maelezo ya sayansi yote. Tope halina oksijeni, kwa hiyo majani na mizizi inayozikwa humo haiozi kama msituni. Kaboni inabaki chini, tabaka juu ya tabaka, kwa karne nyingi. Ndiyo maana hekta moja ya mikoko huhifadhi kaboni mara tatu hadi tano ya hekta ya misitu mingi ya bara, na sehemu kubwa iko ardhini, haiko kwenye mti unaouona. Ukifyeka na kulichimbua tope, hazina hiyo inaanza kurudi angani.

Kwa hiyo stakabadhi haimuuzii mtu hewa. Hakuna chupa wala mtungi. Mnunuzi analipia huduma: kwamba mikoko ambayo ingekatwa haikukatwa, au iliyokuwa imekufa imepandwa ikaota. Mkaguzi wa nje anakuja, anapima, tani zinaandikwa kwenye daftari la kimataifa zikiwa na namba. Stakabadhi ikishatumiwa inafutwa isiuzwe tena.

Sasa ile ndoto ya yuro themanini ya jirani. Bei za namna hiyo ni za kibali cha Ulaya, na kiwanda cha Ulaya hakiruhusiwi kutumia stakabadhi ya mikoko yetu badala ya kibali hicho. Mlango huo ulifungwa tangu 2021. Wanaonunua stakabadhi kama za Gazi ni kampuni na watu wanaonunua kwa hiari, na wao hulipa kidogo. Miaka ya mwanzo Gazi ilipata takribani dola 12,000 kwa mwaka. Zigawanye kwa wakazi wapatao 5,000 wa vijiji vile viwili, hata dola tatu kwa kichwa hazifiki. Walifanya la busara, hawakugawana. Waliziweka pamoja zikaleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Kwa kijiji ni jambo kubwa, ila utajiri haumo humo. Atakayekuja Faza au Ndau akiahidi kila nyumba itajengwa upya kwa fedha za kaboni, muulizeni anauza wapi na kwa bei gani.

Nimesema nitairudia lawama ya kuuza ruhusa. Mnunuzi wa stakabadhi anaendelea kuchoma kwake, akisema tani yake imefutwa na mikoko yako. Hesabu hiyo inasimama kama tani yako ni ya kweli. Kama si ya kweli, dunia imechafuliwa na kila mtu ana karatasi safi mkononi.

Rudi kwa yule wa migomba. Vipi kama migomba ilikuwepo tangu zamani za babu yake? Hakuzuia tone jipya, lakini anauza stakabadhi. Au fikiria mjane wa mtaani anayeishi peke yake na kumwaga nusu ndoo kwa siku. Akiandika kwamba "alikusudia" kumwaga ishirini, ana kumi na tisa na nusu za kuuza! Kila mradi wa kaboni unasimama juu ya swali hili gumu: bila fedha hizi, ingekuwaje? Kwa kuwa jibu ni la kukisia, kuna waliolikuza, na miradi kadhaa mikubwa ya misitu duniani imekosolewa vikali kwa hilo.

Halafu kuna suala la boriti, na hapa Lamu ndipo pagumu zaidi. Nyumba zetu za mawe vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ndiyo iliyopima upana wake. Kwa karne nyingi majahazi yalipeleka korija kwa korija Uarabuni, hadi serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Februari 2018 ukaja mwingine, usitishaji wa kukata miti katika misitu ya umma, na mkataji wa mkandaa aliyekuwa na kibali halali akaamka hana kazi. Ukiufunga msitu wa Pate kwa ajili ya kaboni bila kumfikiria mtu huyu, hatageuka fundi wa kompyuta. Atavuka aende kukata Ndau, na tani uliyoiandika Pate imevujia kwingine. Gazi waliliona hili wakapanda mivinje ili watu wapate kuni na miti ya kujengea bila kugusa mikoko. Mradi usio na jibu la namna hiyo, mimi nauona haujakamilika, hata vitabu vyake viwe safi namna gani.

Na mikoko hufa yenyewe pia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilileta mchanga na matope yaliyoua mikoko mingi ya hori la Mwache, Mombasa. Stakabadhi ya miaka ishirini lazima iwe na akiba ya tani zisizouzwa kwa ajili ya siku kama hiyo.

Sheria inasemaje? Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilirekebishwa Septemba 2023, na kanuni za masoko ya kaboni zikatolewa 2024. Miradi ya ardhini inatakiwa kuwa na mkataba wa maendeleo na jamii, na kuitengea jamii kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Miradi isiyo ya ardhini ni asilimia 25. Watu hunukuu namba hizo kwa furaha na kuruka maneno yanayofuata: baada ya kutoa gharama za kuendesha mradi.

Baharia yeyote wa Lamu anaelewa mara moja. Chombo kikirudi, kwanza hutolewa gharama, mafuta, barafu, chakula. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa: sehemu ya chombo, ya nyavu, ya mabaharia. Nahodha mwaminifu akiandika gharama mbele ya watu, mgao ni halali hata ukiwa mdogo. Anayeandika peke yake usiku, mabaharia wanaweza kupewa asilimia tisini ya kisichokuwepo. Na miradi ya kaboni ina gharama za kweli: wapimaji, wakaguzi wa kimataifa, safari, wanasheria, madalali. Ndani ya asilimia 40 swali la kwanza ni asilimia 40 ya nini.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mikoko yetu si ya kijiji kwa hati. Iliwekwa kuwa msitu wa hifadhi wa serikali tangu 1932, enzi za ukoloni, na leo iko chini ya Shirika la Misitu, KFS. Jamii huingia kwa makubaliano ya kuusimamia msitu pamoja na shirika, kupitia chama chao cha msitu kilichosajiliwa. Bila chama na makubaliano hayo, kijiji hakina meza ya kukalia wakati tani zinaandikwa. Akina mama wa Mtangawanda, Pate, ambao wamekuwa wakirudishia mikoko mahali ilipokufa, wameonyesha kwamba watu wa kazi hiyo tunao. Kilichobaki ni karatasi.

Kuhusu karatasi, Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili za kijamii kaskazini mwa nchi zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa. Moja ya hifadhi hizo ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuuza kaboni inayohifadhiwa kwenye udongo wa malisho, na uuzaji wa stakabadhi za mradi huo ukasimamishwa kwa mara ya pili ili uchunguzwe. Dohani ya Kwasasi na malisho ya Isiolo havifanani kwa lolote. Kimoja kingechafua hewa, kingine kilinuia kuisafisha. Vimeangukia kwenye shimo lilelile: wenyeji hawakuulizwa, au waliulizwa baada ya mambo kuamuliwa.

Nilimweleza bibi haya yote kwa mafungu, kahawa ikipoa. Nyumba haichukuliwi, nilimwambia. Mikoko haihamishwi. Mnachokiacha ni haki ya kukata, kwa miaka iliyoandikwa. Gazi walitia saini ya miaka ishirini.

"Ishirini," akasema. "Mimi sitakuwepo. Huyu ndiye atakayekuwepo." Akamwonyesha mjukuu wake, mtoto wa darasa la tano, aliyekuwa akisuka ukili kando yetu. Akamtuma alete daftari la chama, akanitaka niandike maswali yake mawili, kwa herufi kubwa ili wenzake wayasome bila miwani. La kwanza: daftari la gharama litakaa kwa nani. La pili: mkataba utasomwa kwa Kiswahili, wote, kurasa zote, kabla ya kutiwa saini au baada. Kikao chao ni Jumamosi.